Shokapu Niliyoitoboa Mwenyewe: Barua ya Wazi kwa Mafundi Wenzangu wa Chini ya Gari

Mafundi wenzangu wa Gerezani, wa Ilala, wa Tandika, na ninyi ambao gereji yenu ni mwembe mmoja, jeki moja na turubai,

 

Wiki tatu zilizopita iliingia kwangu Noah ya zamani, ambayo mwenyewe ni mtu wa tano au wa sita kuimiliki. Alilalamika kwamba akishika breki ghafla, hasa mvua ikiwa imenyesha, gari linamvuta kushoto, na asubuhi hiyo nusura aingie kwenye mgongo wa bajaji akishuka Kimara. Kabla ya kufika kwangu alikuwa ameshabadilisha pedi, ameshachongesha diski, ameshafanya alaimenti mara mbili kwa watu wawili tofauti. Pesa imekwenda na gari bado linavuta.

Nikalipandisha, nikavua tairi la mbele kushoto, nikamulika kwa tochi ya simu. Kwenye bomba la shokapu, upande wa ndani ambako jicho la mteja halifiki, palikuwa na kovu la kuchomelea la ukubwa wa kitufe cha shati, limepakwa rangi nyeusi. Fundi anaujua mkono wake kama mshonaji anavyoujua mshono wake. Mimi nikimaliza kuchomelea huwa navuta rodi kidogo pembeni, tabia niliyoirithi kwa aliyenifundisha, na doa langu huwa na kimkia. Kimkia kilikuwepo. Shokapu ile niliitoboa mimi, miaka mingi nyuma, gari likiwa la mtu mwingine. Likauzwa, likanunuliwa, likauzwa tena, likazunguka mji mzima na kunirudia kama deni.

Ndiyo sababu ya barua hii. Sikuja kuwaanika mbele ya wateja. Ninaowaandikia ni wale tuliosafishia mikono kwenye ndoo moja ya dizeli, na ninayoyasema nayajua kwa kuwa nimeyafanya. Wenye magari wakiisoma, na waisome.

Kwa faida yao nieleze kazi yenyewe. Mteja anakuja na shokapu inayovuja au iliyolegea. Jozi mpya hana uwezo nayo, na ya mtumba inamtia wasiwasi. Fundi anachukua drili, anatoboa bomba, anamwaga kilichobaki, anajaza oili kwa sindano, anachomelea tundu, anapaka rangi. Gari linatoka limekaza, mteja anatabasamu, anasema fundi mkono wako una dawa. Mwezi mmoja baadaye, miwili akiwa na bahati, gari linarudia kuyumba kama mashua, lakini haji kudai, kwa sababu barabara zetu zina mashimo ya kutosha kubeba lawama zote.

Ujuzi huu hatukuuokota jalalani. Una ukoo, na ukoo wenyewe ni wa heshima. Nilipoanza kushika spana, katikati ya miaka ya 1980, magari yaliyokuwa yakitulisha yalikuwa Peugeot 504 na Datsun. Shokapu zao za mbele ziliundwa zifunguliwe. Juu ya bomba palikuwa na nati kubwa ya duara. Unaifungua, unatoa fimbo na pistoni yake, unaosha kila kitu, unabadilisha sili, unapima oili kwa kipimo kilichoandikwa kitabuni, unafunga. Ilikuwa huduma ya kawaida kama kumwaga oili ya injini, na fundi aliyeijua alisalimiwa kwanza. Magari hayo hayakuwa ya mchezo pia: Peugeot 504 ilishinda mbio za Safari mwaka 1975 na 1978, kisha Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akazichukua mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982 akiendesha Datsun Violet. Sisi vijana wa spana tuliokuja baadaye bado tulijiona kama tumeshinda naye.

Baadaye viwanda vikabadili mtindo. Shokapu nyingi za leo bomba lake limekunjwa mdomo, halina nati, na ndani pamoja na oili kuna gesi ya naitrojeni. Kiwanda hakiuzi sili kwa sababu hakikukusudia mtu aingie humo. Sisi tulishazoea kwamba shokapu iliyochoka huongezwa oili. Mlango ulipozibwa, tukatoboa ukuta.

Lakini gesi ile haikuwekwa kwa urembo. Pistoni inapopanda na kushuka upesi, tuseme kwenye barabara ya vumbi yenye vijimawimbi, oili huchanganyika na hewa ikawa povu, na povu halizuii kitu. Pistoni inapita humo kama kijiko kwenye maji ya sabuni. Naitrojeni iliyoshindiliwa huikandamiza oili isiumuke. Ncha ya drili ikipenya tu unasikia pssss, na hapo shokapu imekata roho. Unachofanya baadaye kwa sindano ni kuijaza maiti. Halafu unaleta moto wa rodi kwenye bomba jembamba ambalo juu yake kuna sili ya mpira. Na oili yenyewe? Tuwe wakweli, tunajaza iliyopo. Nimeona ya gia boksi, nimeona ya haidroliki ya lori, nimeona, Mungu atusamehe, oili ya injini iliyokwisha kutumika. Ikiwa nzito mno gari linakuwa gumu kama mkokoteni, na mteja huuita ugumu ule kukaza, kumbe tairi linaruka juu ya kila tuta badala ya kulifuata. Zipo pia zile za bomba moja zenye gesi ya mgandamizo mkubwa. Hizo ukizitoboa zinaweza kukurushia vyuma usoni, na ukizichomelea zikiwa na mgandamizo ndani zinaweza kupasuka mkononi mwako.

Kwenye shokapu ya mbele, ile iliyovalishwa springi, kuna jingine tunalolisahau. Muundo huo ni wa Earle MacPherson, mhandisi wa Kimarekani, na Ford ya Uingereza iliuingiza kwenye Consul na Zephyr zilizoonyeshwa mwaka 1950. Ujanja wake ni kwamba shokapu imefanywa kuwa nguzo. Gurudumu linasimama kwa kuishika hiyo, linakata kona nayo, na breki zikikaba, nguvu yote inapita humo. Kwa hiyo unapotoboa bomba la mbele na kulichoma moto, unadhoofisha mguu wa gari. Mimi nilikuwa nikitoboa mguu wa gari asubuhi na jioni nakula chipsi bila wasiwasi.

Hata hivyo ugomvi wangu mkubwa hauko kwenye drili. Uko kwenye neno tunalompa mteja anapouliza kama anaweza kwenda Iringa na gari likiwa hivyo. Tunamwambia: nenda tu, utakosa starehe kidogo. Neno starehe ndilo limetuharibia kazi. Mtu akishaambiwa shokapu ni kitu cha starehe, ataiweka foleni moja na redio na kiyoyozi, na ada ya shule ikija shokapu inasubiri mwaka.

Springi ndiyo inayobeba gari. Shokapu kazi yake ni kuituliza springi. Tairi likipanda tuta, springi inabanwa, kisha inarusha kile ilichobanwa nacho, kisha inabanwa tena, na bila kitu cha kuizuia ingecheza hivyo hadi ichoke yenyewe. Wakati inacheza, tairi mara limekandamiza lami kwa nguvu, mara limeigusa kama mtu anayepima joto la maji. Sasa mguu wako uko kwenye breki. Lile gurudumu likiwa jepesi linafunga na kuteleza, na gari likiwa na ABS, kompyuta inasikia gurudumu linataka kufunga, inaachia breki. Umeikanyaga hadi chini na gari linakwenda. Ikiwa shokapu ya kulia bado ina uhai na ya kushoto imekufa, pande mbili hazishiki sawa, ndiyo maana Noah ile ilikuwa ikivuta. Hakuna pedi wala diski ambayo ingemsaidia yule bwana. Nilimfungia jozi, mbele zote mbili, nikajaribu barabarani naye akiwa pembeni yangu, na ufundi sikumtoza. Nikamwambia kwa nini. Alinitazama muda mrefu, akauliza, "Kwa hiyo fundi, ni wewe?" Nikasema ni mimi.

Sasa ukaguzi, maana mengi tunayaharibu hapa kabla hata drili haijachomekwa. Kipimo chetu kikuu ni kukalia boneti. Tunabonyeza kona, tunaachia, gari likipanda mara moja na kutulia tunasema zima. Kipimo hicho kinakamata maiti, mgonjwa kinamruhusu. Mkono wa mtu unasukuma polepole, ilhali shimo la barabarani linapiga kwa kasi, na matundu ya ndani ya pistoni yanayofanya kazi kwa mwendo wa polepole siyo yale ya mwendo wa haraka. Bushi ngumu zinaweza kulituliza gari hata shokapu ikiwa haina kitu. Gari likicheza mara tatu umepata jibu. Likitulia, bado hujapata kitu. Ulaya wana sahani ya kutikisa gurudumu, mashine inakwambia kwa asilimia tairi lilivyoendelea kukandamiza sahani. Sisi tuna viganja, na kiganja cha fundi si kitu cha kudharau.

Pitisha kiganja juu ya tairi, taratibu, ulizunguke lote. Tairi lililolika upande mmoja linakwambia habari za alaimenti, lililolika katikati linalalamika upepo mwingi, lililolika kingo zote mbili limekosa upepo. Likiwa na mabonde na vilima, bonde, kilima, bonde, kilima, hapo lilikuwa likirukaruka. Inaweza kuwa balansi au bearingi, lakini mtuhumiwa wa kwanza ni shokapu. Namna nyingine niliyofundishwa na madereva wa malori: gari likirudi kutoka barabara mbovu, gusa shokapu zote nne kwa nyuma ya vidole, kwa tahadhari usiungue. Kazi yote ya shokapu ni kugeuza mtikisiko kuwa joto. Yenye uvuguvugu ilikuwa kazini. Iliyo baridi kati ya wenzake ilikuwa ikiangalia.

Kuhusu kuvuja, tutofautishe jasho na machozi. Shokapu nzima huweza kuwa na unyevu mwembamba karibu na sili, vumbi limeshika kidogo. Fimbo ikipanda na kushuka hubeba tone la oili, na hilo si kosa. Machozi ni pale bomba linapokuwa limelowa hadi chini na udongo umeganda juu yake. Ukiwa na shaka, futa kwa tambara likauke, mwambie mteja azunguke nalo siku mbili tatu, arudi. Niliwahi kuihukumu shokapu nzuri kabisa kumbe ilirushiwa grisi na buti la sivii jointi lililopasuka. Mteja alilipa, na mimi nikagundua baada ya kula pesa.

Halafu kuna "fundi, inagonga." Mteja akisema inagonga, sisi mkono tayari uko kwenye bei ya shokapu. Ilhali mara ngapi ni linki ya stabilaiza, kijiti cha bei ndogo kuliko karibu vyote vilivyo huku chini? Au bushi ya mkono wa chini, au boljointi, au mauntingi ya juu. Mauntingi ina kipimo cha bure: mweke dogo kwenye stelingi azungushe kushoto na kulia gari likiwa limesimama, wewe shika springi kwa vidole. Ikiruka na kutoa "tuk", bearingi ya mauntingi imekwama na springi inajikunja kwanza kabla ya kufuata. Huko hakuna shokapu ya kuuza.

Na tuache kudanganyika na dashibodi. Watengenezaji wengi wa shokapu hushauri zikaguliwe kila kilomita 20,000 na kufikiriwa kubadilishwa karibu na 80,000. Hizo ni kilomita za lami laini. Gari la Japani hupelekwa ukaguzi wa serikali miaka mitatu baada ya kutoka kiwandani, kisha kila miaka miwili, na wenyewe wakiona gharama za ukaguzi zinapanda huliuza, ndipo linapanda meli kuja kwetu. Linafika na kilomita chache na mipira ya zamani. Mpira hauhesabu kilomita peke yake, unahesabu na miaka. Kisha tunalipeleka juu ya matuta ya Mikumi na kwenye njia za vumbi za Goba, miezi sita baadaye tunashangaa.

Hapa naomba waiteni madogo wenu wasogee.

Springi iliyo kwenye shokapu ya mbele haijawahi kulala. IST ina uzito wa karibu tani moja, zaidi ya nusu ukiwa mbele kwenye injini, kwa hiyo kila springi ya mbele hubeba kama kilo mia tatu gari likiwa limesimama. Ukilipandisha gari na kuitoa shokapu, mzigo umeondoka lakini springi bado imebanwa kati ya sahani yake na mauntingi, na kilichoizuia ni nati moja ya juu. Nguvu iliyolala humo inatosha kuvunja taya. Nimeiona ikivunja. Miaka ile nikiwa bado msaidizi, fundi mmoja aliyekuwa hodari kuliko sisi wote aliifunga springi kwa waya wa chuma, akapiga magoti juu yake, akaishambulia nati kwa spana na kipande cha bomba. Waya ulikatika. Mauntingi ikampiga hapa, chini ya sikio. Alipona, lakini kwa miaka yote niliyoendelea kumwona alitafuna upande mmoja.

Waya tunautumia hadi leo. Na kamba. Na wapo wanaomkalisha dogo juu ya springi kama uzito. Klampu za springi si kitu cha matajiri. Mnazihitaji mbili, zikae zikitazamana pande mbili za springi, zishike mizunguko mingi kadiri inavyowezekana, ndoano ziwe zimekaa sawasawa. Kaza hii kidogo, kaza ile kidogo, kwa mkono, bila bunduki ya upepo. Kabla ya kugusa nati ya juu, itikise springi: ikicheza kwenye kikalio chake, imebanwa vya kutosha, kama haichezi, usiguse. Kichwa cha shokapu kitazame ukuta. Uso wako uwe kwingine, na wa dogo pia.

Katika kufunga, yapo ninayoyaona kila wiki kwenye magari yanayotoka kwenu, na bila shaka ninyi mnayaona kwenye yanayotoka kwangu. Fimbo ya shokapu ina ung'avu kama kioo kwa sababu maalumu. Ukiishika kwa plaizi ili isizunguke wakati unakaza nati, unaacha mkwaruzo, na kila fimbo inapopanda mkwaruzo ule unakwangua sili kama msasa. Shokapu mpya inaanza kuvuja baada ya wiki nne na tunasema ni feki. Nyingi zina tundu au ncha juu ya fimbo ya kushikia kwa spana yake, itafuteni. Zilizokaa dukani zimelala zipampuni mara kadhaa zikiwa zimesimama kabla ya kuzifunga, ili hewa iliyopenya kwenye oili irudi juu. Bolti zinazopita kwenye bushi za mpira msizikaze kwa mwisho gari likiwa juu ya jeki na gurudumu linaning'inia. Mpira utafungwa ukiwa umepinda, gari likishuka unajinyonga, na bushi ya miaka mitano inapasuka ndani ya mwaka. Shusheni kwanza, gari lisimame kwa miguu yake, kisha kaza. Bomba la breki na waya wa ABS virudi kwenye vishikizo vyake, visiachwe kusugua tairi. Na mteja asiondoke bila kuambiwa kuhusu alaimenti.

Kubadilisha moja na kuacha mwenzake sitaki hata kulijadili.

Kuinua gari kwa spesa nitalisema kwa kifupi, maana najua limekuwa kazi yetu kubwa tangu IST zijae mjini. Mteja amechoka kugonga chini, namwelewa. Spesa nzuri iliyopimwa ya juu ya mauntingi ni jambo moja, ingawa sivii jointi zitalalamika kwa pembe mliyozipa. Mipira ya kushindilia katikati ya mizunguko ya springi ni jambo lingine kabisa: umeinyima springi sehemu ya mwili wake, na mzunguko uliobaki unabeba kazi ya wote. Springi zikikatika, msiniletee.

Kwenye ununuzi, sisi wote tunajua boksi linavyoweza kuandikwa Kayaba na ndani kukawa na kitu ambacho Kayaba hawajawahi kukiona. Ila tusijidanganye kwamba udanganyifu ulizaliwa Gerezani. Oktoba 2018 kampuni ya KYB yenyewe, yaani Kayaba ya Japani, ilikiri kwamba takwimu za majaribio za shokapu zake za majengo, zile kubwa za oili zinazowekwa kwenye maghorofa ili yastahimili tetemeko, zilikuwa zimechezewa. Majengo yaliyohusika yalikaribia elfu moja. Walisema hadharani na wakabeba mzigo wa kuzibadilisha. Nimeifikiria sana habari hiyo tangu Noah iliponirudia.

Ya mtumba siikatai. Ninachoomba ni kuipima kabla ya kumwuzia mtu: isimamishe, isukume chini, ivute juu, usikilize. Mwendo uwe mzito na laini toka mwanzo hadi mwisho, bila sehemu iliyolegea ghafla katikati. Kisha itafutie mwenzake wa namba moja naye, siyo anayefanana tu.

Mtaniuliza, na mteja mwenye elfu hamsini tu tunamfanyaje? Swali hilo ndilo lililonifanya nitoboe miaka yote ile, sitalikimbia. Kwa sasa namwambia shokapu zako za mbele zimekufa, endesha taratibu, acha nafasi kubwa na wa mbele yako, usipakie watu saba kwenda nao msibani Morogoro, lete pesa mwezi ujao. Nayaandika hayo kwenye risiti, kwa kalamu, na nakala nabaki nayo. Wengine wamechukua risiti yangu wakavuka barabara kwa jirani, wakatoboa kwa bei nafuu, wakanipungia mkono wakipita. Nimepoteza wateja hivyo, siwafichi. Nikikataa peke yangu ninachofanya ni kumpelekea jirani kazi. Ndiyo maana siandiki kwa mmoja mmoja. Mtaa mzima ukikataa, mteja hana pa kuvukia, na pesa ya shokapu ataitafuta kama anavyoitafuta ya tairi.

Na tuanze kutoza ukaguzi. Najua mtacheka. Tangu zamani fundi anakagua bure na kula kwenye kutengeneza, na humo ndimo uongo wetu wote ulimozaliwa: nisipokuta ugonjwa silali na kitu, kwa hiyo ugonjwa nitaukuta. Mtu akinilipa hata kidogo kwa ile nusu saa ya kupitisha viganja na tochi, naweza kumwambia kwa moyo mweupe, "Mzee, gari lako zima, ni linki tu, nenda." Madaktari wanatoza kukutazama, wala hatuwaiti matapeli kwa hilo.

Shokapu ya Noah sikuitupa kwenye vyuma chakavu. Nimeitundika kwenye nguzo ya mbele ya gereji yangu, kovu likitazama barabarani. Kwenye msumari wa pili zimening'inia klampu zangu mbili za springi. Yeyote kati yenu ambaye bado anafunga kwa waya, aje azichukue, asubuhi au jioni, haulizwi jina la bosi wake. Azirudishe tu kabla ya saa kumi na mbili, maana na mimi nazitumia.

Mwenzenu wa chini ya gari,
Dar es Salaam